Siku ya Akina Mama

Muthama, yule mtu wa filamu, alitupokea nyumbani kwake Kilimani, hapa Nairobi, kana kwamba tumekwenda kumpongeza. Wallahi, ndala ilikuwa mguuni na mkono uliniwasha.

"Ulisema Jumatano!" nikamwambia. "Siku ya akina mama!"

"Na Jumatano ipo, mama. Lakini leo ni Jumamosi."

Waridi, shoga yangu niliyekuja naye, alikuwa analia. Tamthilia yetu aliitunga yeye, na harusi yote ya kwetu Mombasa imo: somo anavyomfunda biharusi, chakacha, vijembe vya mawifi. Tuliigiza wanawake watupu mbele ya wanawake watupu, milango imefungwa. Mwaka mzima ukumbi ulifurika, na nje wanaume wakinyoosha shingo. Mume wangu Taib, mwalimu wa madrasa, alinipa ruhusa kwa sharti moja: niimbe nyuma ya pazia, basi.

Muthama alipouona msongamano ule, mate yakamtoka. Tuifanye filamu, alisema, watu wameshaipenda hata kabla haijapigwa. Tukamuuliza, na wanaume je? Akatukumbusha onyesho la Jumatano mchana, pale sinema ya mjini inapojaa mabuibui, hata mkata tiketi ni mwanamke. Akamleta mama wa Kizungu ashike kamera. Sisi hao, tukaridhika! Yule mama akasema mtu wa nyuma ya pazia haonekani kwenye picha. Nikatoka mbele, nikajifunga leso kiunoni, nikacheza. Jumatano ni siku yetu, nimwogope nani? Sikuona hata haja ya kumwambia Taib.

Sasa mji mzima umebandikwa matangazo: Siri za Wake wa Pwani, Jumamosi usiku, wanaume mnakaribishwa.

"Wanaume wa Nairobi wamesikia vigelegele nyuma ya mlango mwaka mzima," Muthama alisema. "Mlidhani mimi nauza nini?"

Mwanamume hana haya yule. Tukarudi mjini, Waridi akaenda kujifungia kwake.

Nilimkuta Taib amekwisha kula, anavaa kanzu. Akaniaga kwamba anakwenda mtaa wa Jamhuri kumtazama mgonjwa. Moyo wangu ukatulia. Afadhali Jamhuri, nikajisemea, mbali na ile sinema. Alipotoka tu nikavaa buibui. Nilitaka kujua nani atakayeniona, nani wa kumpelekea Taib habari, nimuwahi mimi kwa kinywa changu kabla hajaaibishwa msikitini.

Nilikaa safu ya mwisho, ukutani, uso nimeuziba. Wanaume watupu, tena wengi nawajua. Mabruki wa duka la viungo, anayeniuzia iliki huku ameinamisha macho, alikuwa ananunua karanga na kupiga miluzi. Taa zikazimwa.

Mishi ndiye aliyetokea kwanza, mke wa jirani yetu. Alipozungusha kiuno sinema nzima ikapiga kelele. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha kutoka mbele, katikati ya kelele zile, nikasikia kicheko kinachoanzia puani na kuishia kwenye kikohozi.

Kicheko hicho nimelala nacho tangu niolewe. Nikajiambia, si yeye, Saleha, yeye yuko kwa mgonjwa.

"Na huyu ni mke wa nani?" mwenye kicheko akauliza kwa sauti, na watu wakazidi kucheka. Sauti ile ndiyo inayosomesha watoto kila asubuhi.

Nikaona haya zangu, nikaona na zake, na zake zilikuwa nzito kuliko zangu. Nilitaka kuinuka nitoke. Nikajizuia, kwa sababu najua filamu inavyokwenda: baada ya Mishi, ni mimi.

Nikatokea, uso wazi, mkubwa kama ukuta, leso kiunoni. Kile kicheko cha mbele kikakatika.

"Na huyu je?" Mabruki akapaza sauti, mdomo umejaa karanga. "Huyu naye ni mke wa nani?"

Wakacheka, kisha wakangoja mwenzao wa mbele ajibu. Nami nilingoja, nimeng'ata buibui kwa meno. Taib hakujibu.