Somo la Shambani kwa Sumari

Mwaka ule chuo cha kilimo kule chini kililetewa Mwingereza wa kuwapangia walimu masomo yao upya. Alisema wanafunzi wameshachora mibuni ubaoni vya kutosha, sasa wakashike panga kwenye shamba la mtu. Ndipo Mwalimu Romanus, aliyefundisha kahawa, akapanda mlima hadi kwa Sumari kuomba shamba la kufundishia kupunguza migomba inayoisonga mibuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wakubwa wako wameanza lini kuomba?"

"Ndiyo mambo mapya, baba. Sasa tunaomba kwanza."

Sumari akacheka puani. Mkewe Anyesi alipokuwa akiungua kwa homa, gari la kumpeleka hospitali lilikuwa mbugani Kisongo, mmoja wa wakubwa hao kaenda nalo kuwinda. Siku hiyo nani aliomba?

Hata hivyo alikubali, kwa sharti moja. Akampeleka Romanus nyuma ya nyumba, kwenye mgomba mnene katikati ya mibuni.

"Anyesi yuko hapa. Msalaba ulishaliwa na mchwa, nikampandia mgomba huu kichwani. Mingine kateni mtakavyo. Huu hapana."

Romanus akaandika kwenye karatasi ya somo. Sumari hakujua kusoma zaidi ya jina lake, lakini aliiona kalamu ikitembea, akaridhika.

Siku ya somo ilikuwa zamu yake ya maji. Alikwenda kufungua mfereji, na aliporudi akakuta mgomba wa Anyesi uko chini, unachuruzika utomvu. Vijana ishirini walikuwa wakinyoosha kamba ya kupimia nafasi za mibuni juu ya kaburi.

"Romanus. Uliandika."

"Niliandika, baba. Bwana Mwingereza akafuta. Anasema somo lazima lifanane kwa kila shamba."

"Na panga lilipoinuliwa, wewe ulikuwa wapi?"

Romanus akatazama viatu vyake. "Nina kazi, baba. Nina watoto."

Mwingereza akaja anatabasamu, kanyoosha mkono. Akamwagiza Romanus: mzee awaambie vijana neno. Sumari akautazama ule mkono, una madoa ya utomvu. Hakuushika. Akawageukia vijana.

"Hapo mlipokanyaga amelala mke wangu. Mmeshajifunza."

Kamba ikaanguka. Vijana wakarudi nyuma, wengine wakavua kofia.

Mwingereza akauliza mzee kasema nini. Romanus akameza mate, akajibu kwa Kiingereza. Sumari hakukijua, ila alimwona Mwingereza akifurahi, akichomoa daftari, akiandika.

Sumari akatema mate chini. Akaingia nyumbani, akatoka na jembe, akaung'oa mbuni uliokuwa karibu na kaburi, mbuni wa miaka sita wenye matunda, akautupa miguuni pa Mwingereza. Akachimbua chipukizi pembeni ya lile shina lililokatwa, akalisimika kwenye shimo, akalishindilia kwa kisigino.

Kalamu ya Mwingereza ikasimama.

"Mwambie na hili aliandike," Sumari akamwambia Romanus. "Kisha piteni kule ukingoni mwa shamba. Mmemkanyaga vya kutosha."