Hatua ya Sita Kabla ya Kibondo

Dukani kwa Salumu, Kasulu, gemu ya rangi ilichezwa kwenye televisheni isiyo na rangi. Vitofali vitatu vya rangi moja vikikutana vinapotea, ila vyekundu na vya kijani vyote vilionekana kijivu kilekile. Hatua ya sita ilimshinda kila mtu. Asmahani, mdogo wake Salumu, aliapa kuivuka kabla hajaolewa Kibondo, na gari la wakwe lilishafika.

"Asma, wanakungoja!" Salumu akaita.

"Wameshakula?"

"Wameshakula."

"Basi wangoje."

Vya kijivu hicho akavirundika kushoto, akamaliza kwanza vingine vyote. Nafasi ilipopatikana, akavijaribu vitatu vitatu. Visipopotea, alibadilisha kimoja. Skrini ikabaki tupu. Duka zima likapiga vigelegele.

Asmahani akajitanda mtandio, akamgeukia shemeji yake, ndugu wa bwana harusi aliyekuja na gari, mlangoni.

"Kwenu televisheni ipo?"

"Redio tu, shemeji."

Akakaa tena, hatua ya saba ikaanza.