Akina Shangazi na Gari Jeusi la Bibiane

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshalowa mpaka magotini, na moyo ulinipiga kama mimi ndiye bibi arusi.

Pale Merrylands, huku ugenini, tunapooshea magari, mimi ni mtu wa ndani. Miaka miwili nimeosha viti na mazulia, nimechokoa vumbi kwenye matundu ya redio, nimetoa biskuti za watoto chini ya mikanda. Nje ya gari kuna watu wake, na gari jeusi wanaligusa wawili tu. Siku hiyo mbele yangu lilisimama gari jeusi la Baba Bahizire, refu, bado lina vumbi la barabara, na aliyepewa kuliosha alikuwa mimi peke yangu.

Baba Bahizire ni mtu wa Bukavu, tunasali naye kanisa moja. Ana magari matatu meusi ya kubeba maarusi na wageni wakubwa. Alhamisi alisimama nyuma yangu akaniona nikikausha plastiki ya ndani ya mlango. Sikuwa nafuta. Nilikuwa nalaza kitambaa, nakigusa kwa kiganja, nakinyanyua.

"Binti, nani alikufundisha hivyo?"

"Video," nikasema.

Akaniangalia kidogo. "Bon, vizuri. Jumamosi namchukua bibi arusi Bibiane kwenda kanisani. Gari utaliosha wewe, na utakaa nalo mpaka nije kuliendesha. Nikikuta mkwaruzo mpya hata mmoja, rudi kwenye viti vyako. Nisipokuta, kuanzia Jumatatu yote matatu ni ya mikono yako."

Yote matatu! Niliinamisha kichwa tu, na jioni nyumbani nilijifungia chumbani nikaruka ruka juu ya kitanda.

Watu wanafikiri gari jeusi linaharibiwa na ajali. Linaharibiwa na kuoshwa. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye kitambaa, kila ukipitisha mkono unachora. Gari jeupe ni kama mama mzazi, linafunika makosa yako. Jeusi ni kama mama mkwe. Linaona yote, halafu jua likitoka linamwambia kila mtu.

Kwa hiyo nilianza na maji matupu, bila kuligusa, mpaka mchanga ukaanguka wenyewe. Nilikuwa nimevua saa na mkanda, na shati nimeligeuza ndani nje ili vifungo visikutane na rangi. Ndoo mbili: ya buluu ina sabuni, nyekundu ina maji ya kusuuzia glovu ya manyoya. Nilitoka juu kwenda chini, mstari ulionyooka, sikuzungusha mkono hata mara moja. Kitambaa kimoja kilinidondoka sakafuni. Sikukikung'uta, nilikitupa kwenye pipa. Nilipomaliza kukausha nilisogea karibu na mlango nikaona kope zangu, moja moja.

Baba Bahizire mwenyewe alizunguka gari na taa ya simu, akaniambia nipande. Tukaenda Guildford kwa kina Bibiane.

Kibanda cha gari pale nyumbani kilikuwa kimejaa sufuria. Sombe la majani ya muhogo lilikuwa linachemka, mchele wa watu mia mbili ulikuwa unaoshwa, na wamama walikuwa wamekaa kwenye vigoda wakisugua masufuria ya kanisa. Gari likabidi likae mbele ya nyumba, chini ya mti wa jakaranda. Baba Bahizire akatazama juu, akatazama gari, akanitazama mimi.

"Naenda kuvaa suti. Saa tatu na nusu niko hapa. Usiliache."

"Ndiyo, Baba."

Nilisimama kama askari. Ua likianguka, nalinyanyua kwa vidole viwili kabla halijatoa majimaji. Popo walikuwa wamelala kwenye mti wa jirani, na nikawaomba kimoyomoyo wavumilie bila kudondosha kinyesi mpaka saa nne. Kila dakika nilijiona Jumatatu, magari matatu yamepangwa mstari, na mimi na ndoo zangu.

Ndipo akatoka Shangazi Médiatrice. Yeye ni dada wa baba yake Bibiane, mwanamke mrefu, kitenge chake kina ndege wa dhahabu, sauti yake inafika mtaa wa pili.

"Emerance! Wewe mtoto wa Mama Yvette! Umesimama juani kama mlingoti wa bendera, umekula?"

"Nimekula, Shangazi."

"Umekula nini, mate? Ingia ndani. Nyumba ya arusi hakuna mtu anakaa na njaa."

"Shangazi, gari..."

"Gari lina miguu? Litakimbia?"

Wamama wakacheka. Mnajua kwetu ilivyo. Chakula cha arusi ukikikataa umewatukana wenye nyumba, na watu wataongea mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Mtu mwenye mdomo angesema neno la kuchekesha na kubaki pale pale. Mimi aibu ilinishika shingo ikaniingiza ndani. Walinipa chai, mandazi na kipande cha samaki. Nilimeza bila kutafuna. Sidhani nilikaa hata dakika sita.

Nikiwa na andazi la pili mkononi nikasikia sauti. Kwaru, kwaru, kwaru.

Nilijua ni nini kabla sijafika mlangoni.

Wamama watano walikuwa wamelizunguka gari. Walikuwa na beseni la sabuni ya vyombo, na mikononi sponji zile zile za masufuria, zenye mgongo wa kijani unaokwangua ukoko wa ugali. Walikuwa wanaimba. Kwetu mgeni hakai mikono mitupu kwenye arusi ya mtoto wa mwenzake, na kitu cha kumheshimu mtu unakisugua mpaka king'ae. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Sufuria isiyong'aa ni aibu ya mwanamke. Wameona maua mawili na utomvu kidogo juu ya gari la mtoto wao, wakainuka kwa upendo. Wanne walikuwa bado wanamwaga povu. Shangazi Médiatrice alikuwa ameshafika kwenye buti, ameinama, anazungusha mkono kwa nguvu za mwili mzima.

"ACHENI!"

Sauti ilinitoka mimi. Wimbo ukakatika.

Shangazi akasimama polepole, povu likimtiririka kiwikoni. "Unamwambia nani acheni?"

"Wewe, Shangazi." "Ninyi nyote. Wekeni sponji chini. Chini kabisa. Tafadhali."

"Mnamsikia? Mtoto ambaye hata kanisani hasemi amina!"

"Lakini tunakusaidia," akasema Mama Destin, jirani yao, mama mnene mpole. "Tunakusaidia, mwanangu."

Nikamshika Shangazi mkono. Sijui nilipata wapi huo ujasiri. Nilichukua maji nikamwagia pale aliposugua, nikamwambia, "Inama hapa. Tazama jua ndani ya rangi. Unaona nini?"

Akainama. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia rangi.

"Kama utando wa buibui," akasema.

"Ni mikwaruzo. Sponji ndiyo imefanya."

"Mungu wangu. Mimi?" Akajishika mdomo. "Gari la watu! Siku ya arusi!"

Mwingine akaanza kulia. Nilitaka kulia mimi pia, kwa sababu niliyaona magari matatu yakiondoka moja baada ya jingine. Lakini jua lilikuwa limepanda, kivuli cha mti kimesogea, na lile povu la vyombo lilikuwa linaanza kukaukia kwenye rangi. Likikauka linaacha madoa, na hapo ni gari zima, siyo buti tu. Saa ilikuwa tatu na dakika tano.

"Msilie," nikasema. "Nataka maji, na nataka kivuli. Nani ana kitenge?"

Hilo ni swali la kumuuliza mwanamke wa Kikongo? Kabla sijafumba mdomo vilikuwa vimefunguliwa vitenge saba, na wamama wa kibandani nao wameacha masufuria wakaja. Nikawapanga. Wawili mbele, wawili nyuma, wanne ubavuni, wameshika pembe wameinua juu ya vichwa, mpaka gari likawa ndani ya hema la ndege, maua na nyuso za marais. Mama Destin nilimpa mpira wa maji. "Usikaribie. Mwaga tu, kama mvua." Shangazi nilimwambia avue bangili zote na pete, akavua bila neno. Kazi yake ilikuwa kunipa vitambaa safi kutoka kwenye mfuko wangu wa vifaa, kimoja kimoja, na kisichokuwa safi asinipe.

"Hiki?"

"Kimegusa nini?"

"Kimegusa mimi."

"Umejifuta povu?"

"Kidogo."

"Basi hapana, Shangazi."

"Mkali huyu!" akawaambia wenzake, na nikasikia kama anafurahi. "Mkali kama polisi wa Goma!"

Wakaanza kuimba tena. Nilitoka juu kwenda chini, wao wakinifuata na hema lao, hatua kwa hatua, wakicheza kidogo huku mikono iko juu. "Kulia!" nasema, hema linakwenda kulia. "Shusheni kidogo!" linashuka. Majirani walitoka kwenye milango yao na simu. Sikujali. Sijawahi kuwa na furaha kama ile kazini, na sijawahi kuogopa kama vile.

Povu lilitoka lote. Paa, milango, boneti, vyote vilikuwa salama, kwa sababu wale wanne hawakuwa wameanza kusugua. Lilibaki buti. Nilikuwa na kopo dogo la dawa ya kung'arisha. Nilipiga magoti nikaanza, tone moja, kitambaa laini, polepole. Utando ukafifia. Nikaongeza tone. Eneo la ukubwa wa sahani likawa la ukubwa wa kikombe. Nikaongeza tena. Mistari mitatu ikakataa, myembamba kama nywele za mtoto mchanga. Mikono yangu tu haikutosha kuiondoa, ilihitaji mashine.

"Anakuja!" akasema Mama Destin.

Baba Bahizire alikuwa anavuka barabara, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Alikuta wamama wanane waliolowa wakikunja vitenge, na gari jeusi linalong'aa kuliko asubuhi. Akatoa simu akawasha taa.

Alianza na boneti. Shangazi Médiatrice akaniangalia, akasogea mpaka kwenye buti, akaanza kucheza. Alicheza kweli, kiuno na mabega, ameligeuzia gari mgongo, amefunika mahali penyewe kabisa. Wenzake wakaelewa. Wakaja wote, wakapiga makofi, wakamzunguka.

"Shangazi wa bibi arusi, nipishe," akasema Baba Bahizire.

"Siku ya furaha unatafuta nini na tochi, mume wa watu? Cheza!"

Akatabasamu, akatazama saa, na nikaona anataka kuizima taa. Ningekaa kimya, ingepita. Kukaa kimya ni kitu ninachokijua vizuri. Lakini Jumatatu ningekuwa nashika magari matatu ya mtu ambaye nimemficha kosa kwenye la kwanza, na kila jua likitoka ningekuwa natazama buti.

"Baba, iko pale," nikasema. "Nyuma ya Shangazi. Mistari mitatu."

Wimbo ukafa. Shangazi akasogea pembeni, ananikata jicho.

Aliinama na taa. Alitazama upande huu, akatazama upande ule, akapitisha kucha bila kugusa.

"Nani?"

"Mimi niliacha gari. Nilikwenda kunywa chai."

"Sikuuliza nani alikunywa chai."

"Ni mimi!" Shangazi akainua mkono juu. "Mimi na sponji la sufuria. Yeye alitufokea kama mbwa. Mimi, mke wa shemasi, nimefokewa mbele ya majirani! Povu lilikuwa kila mahali, Bahizire. Angekuwa hakufoka, sasa hivi ungekuwa unaendesha sufuria."

Baba Bahizire akanigeukia. "Wewe uliwafokea hawa?"

"Ndiyo, Baba. Samahani."

"Wote?"

"Wote."

Akawatazama mmoja mmoja, wale wamama ambao hata mchungaji anawaogopa. Hakupata nafasi ya kusema, kwa sababu mlango wa nyumba ulifunguka na Bibiane akatoka. Gauni lilikuwa jeupe mpaka macho yaliuma. Alipita kando ya gari, na gari likamchukua, likamwonyesha mzima mzima kwenye mlango, ua la kichwani, shela, machozi na kicheko. Akajiona, akasimama. "Eh!" akasema, kama amekutana na mtu asiyemfahamu. Vigelegele vilipasuka hapo, nikafikiri madirisha yatavunjika.

Alipoingizwa na gauni lake likakunjwa vizuri ndani, Baba Bahizire alifungua mlango wa mbele upande wa abiria, akaushikilia.

"Panda."

"Mimi? Nimelowa, Baba."

"Tandika kitenge. Nilisema mkwaruzo mmoja, na umenionyesha mitatu. Hiyo Jumatatu utaiondoa kwa mashine, nitakuonyesha. Yale mawili mengine yataletwa mchana." Aliongea huku anazunguka kwenda kwenye usukani. "Lakini sasa tunakwenda Bankstown. Kanisani wamama wako sitini, na wote wana bangili. Umeona jinsi wanavyopokea bibi arusi?"

Nilikuwa nimeona. Wanalipigapiga gari kwa viganja tangu mbele mpaka nyuma, kwa furaha.

Njia nzima Bibiane alikuwa anacheka nyuma yetu na kupiga honi kwa mdomo. Tulipokata kona ya kanisa tuliwaona wako barabarani tayari, wamevaa sare ya rangi ya machungwa, wanakuja mbio, mikono imeinuliwa, bangili za shaba zinawaka juani. Baba Bahizire akapunguza mwendo, akanitazama. Nikafungua mlango kabla gari halijasimama, nikaruka chini, nikatanua mikono mbele ya boneti.

"Mama zangu! Hakuna kugusa! Pigeni vigelegele, chezeni, lakini mikono juu! Juu kabisa!"

Wakasimama. Wakatazamana. Halafu mikono yote sitini, na mingine sitini, ikapanda juu.