Majivu Kwenye Boneti

Pascaline hakuwa mtu wa kukaa akatulia, na asubuhi ile ya Jumamosi ndiyo kabisa. Mumewe, Gervais, alikuwa ndani anakoroma. Nje ya nyumba yao ya udongo huko Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, lilisimama gari jeusi la Mama Angella, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kakoba, Mbarara. Gervais alikuwa dereva wake. Jana yake alipeleka rangi kwa mteja kule Ngarama, jirani na makazi, akaruhusiwa alale nyumbani na kulirudisha gari leo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya maana tangu watoke Kivu ya Kusini, na majirani walikuwa wameanza kumwita Pascaline mama shoferi, jina ambalo alijifanya halitaki.

Gari lilikuwa limejaa tope. Naye, haki ya Mungu, alitaka tu mumewe aamke alikute linang'aa. Juru mwanamke hupimwa kwa sufuria zake: mgeni akiingia uani, macho kwanza kwenye kichanja cha vyombo. Sufuria za Pascaline ungeweza kujitazamia, kwa kuwa alizisugua kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka zikaomba radhi. Basi akachota majivu, akashika gunzi, akaianza boneti. Usicheke. Kama tangu utotoni hukuona kitu kikiharibiwa na majivu, ungeogopa nini?

Maji yalipokauka ndipo akaiona mistari. Ilikuwa myembamba, mingi, imezunguka boneti nzima na mlango wa dereva. Gervais akatoka anafikicha macho, akasimama.

"Ulisugua na nini?"

"Na majivu."

"Majivu? Pa mutuka ya batu? Gari ya wenyewe?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga, kwa sababu kelele Pascaline alizijua namna ya kuzijibu. Gervais aliinama tu, akapitisha ukucha juu ya mistari polepole, mmoja baada ya mwingine.

"Fasi kucha inapita bila kukwama, haikuingia chini," alisema, akiliambia gari, si mkewe. "Hizo zitatoka."

Waosha magari wa Kakoba ndio waliomfundisha. Alilisogeza gari kivulini boneti ipoe, akaliosha upya kwa sabuni, akalikausha. Kisha akaomba dawa ya meno na fulana ya zamani ya mtoto, iliyolainika kwa kufuliwa. Alipaka kidogo, akasugua kwa miduara midogo bila kukandamiza, akafuta, akatazama, akarudia. Pascaline alizunguka gari, akaingia ndani, akatoka, akaleta maji ambayo hakuna aliyeyaagiza. Dawa ilipokwisha, Pascaline alipasua tyubu yake kwa kisu na kukwangua iliyobaki.

Mistari ilitoka. Ulibaki mmoja, chini ya kitasa cha mlango wa dereva. Pengine kulikuwa na kijiwe ndani ya majivu. Hapo ukucha ulikwama.

"Hii imefika chini," Gervais alisema, akaweka fulana. "Nikisugua tena nitatoa rangi yenyewe."

Mchuma janga hula na wa kwao, na Pascaline aliliona janga lake likipakuliwa kwenye sahani ya mumewe. Kazi ile ikiondoka, wangerudi wote wawili kulima maharage ya watu.

"Naenda na wewe," alisema. "Nitamwambia ni mimi."

"Kama unakuya, unyamaze."

Njia nzima hadi Mbarara alijipangia maneno, akayapangua, akafungua dirisha, akalifunga. Gervais aliendesha bila kugeuka, na Pascaline akaamini kwamba amemchukia.

Mama Angella alitoka kuwapokea getini. Mumewe alikuwa mwanajeshi, yuko mbali pamoja na kikosi chake, na Kiswahili chake mama huyu alikipata kambi za jeshi, pamoja na tabia ya kukagua kila kinachoingia. Alilizunguka gari. Kidole chake kikasimama chini ya kitasa.

"Hii iko nini?"

Pascaline akafungua mdomo.

"Ni mimi, Mama," Gervais akamwahi. "Nilisafisha mubaya, na kitu kikali. Ingine nilitosha, ikaisha. Hii ilikatala."

Mama Angella akaondoa kidole.

"Sawa. Kila mtu nakosea. Siku ingine osha na sabuni tu. Haya, ingiza gari."

Yakaisha. Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu na kuomba maji ya kunywa. Lakini Pascaline alimwona mumewe ameinamisha kichwa kwa kosa lisilo lake, na mapenzi na aibu vikampanda pamoja.

"Mama, haiko yeye. Ni mimi nilisugua na majivu. Yeye alikuwa analala. Asibebe zambi yangu."

Mama Angella akamgeukia Gervais.

"Huyu nasema kweli?"

"Ni kweli, Mama," Gervais alisema.

"Bibi yako mimi nasamehe, hakujua. Lakini wewe umeangalia mimi kwa macho, umedanganya, na uso yako hapana badilika. Duka yangu yote iko kwa mkono yako. Kesho ukidanganya tena, mimi nitajua aje?" Akanyoosha kiganja. Gervais akaweka ufunguo.

Walitembea kuelekea kwenye magari ya Nakivale. Pascaline alilia, akaeleza, akatangulia, akarudi nyuma, akaeleza tena. Gervais alitembea mwendo ule ule.

"Sikutaka ubebe muzigo yangu," Pascaline alisema mwishoni.

Gervais akasimama. Ndipo alipomtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo.

"Nilikuwa nishaibeba, bibi," alisema. "Na tulikuwa tushafika."