Mkaguzi Nyuma ya Leso

Dawudi alikuwa mhasibu wa kweli, si wa kujipachika. Ofisi yake iko mjini, ghorofa ya nne, na kila asubuhi aliuteremka mlima wa Kibuli juu ya boda, koti amelikunja mapajani lisipate vumbi. Wakubwa wenye makampuni yao walimwogopa. Akikohoa tu, mkurugenzi anatafuta risiti. Lakini palikuwa na mtu mmoja ambaye Dawudi hakuweza hata kumtazama usoni, na mtu huyo ni Mama Kaltumi, mama mzazi wa mkewe Zuleika.

Si kwamba waligombana, la. Ni adabu. Mama Kaltumi ni Mnubi, uzao wa wale askari waliokuja zamani kutoka Sudani, na mama yake alikuwa Mganda wa Mengo. Basi heshima ya ukwe aliirithi pande zote mbili, ikamjia maradufu. Mkwe wa kiume hashikani mkono na mama mkwe. Hawakai mkeka mmoja, hawatazamani. Mmoja akipita huku, mwingine apite kule. Waganda husema anayeuvunja mwiko huo atatetemeka mikono mpaka uzeeni, na mhasibu anayetetemeka mikono, jamani, atasaini nini?

Sasa huyu Mama Kaltumi ndiye alikuwa mwenyekiti wa Tulizo, mfuko wa uzeeni wa wanawake wa pale mlimani. Wauza sambusa wamo, wasuka vikapu wamo, washonaji, hata mama wa Kikongo wanaotembeza vitenge. Kila mmoja huweka kidogo kidogo asiguse, mpaka siku nguvu zitakapomwishia, ndipo mfuko umlishe. Mwalimu na askari wana pensheni ya serikali. Muuza sambusa nani atampa? Wakajitengenezea ya kwao. Mama Kaltumi mwenyewe magoti yalikuwa yameshaanza kulia kama mlango mkavu, kwa miaka ya kuinama kwenye karai la mafuta. Alikuwa anangoja siku yake ya kupumzika kama mtoto anavyongoja Idi.

Mwaka huo habari ikapanda mlima, tena habari chungu. Kulikuwa kunaandikwa mwongozo mpya wa mifuko ya uzeeni, na katika rasimu yake vile vijifuko vidogo visivyo na uongozi wa kueleweka vingemezwa na makampuni makubwa ya mjini. Wanawake wakashika vichwa. Kampuni itakuuliza karatasi ya mshahara. Muuza sambusa karatasi anayoijua ni ile ya kufungia.

Ila mwongozo ulikuwa haujapigwa muhuri. Wahasibu waliombwa watoe maoni yao kwanza, na aliyekusanya maoni hayo ni Otim, rafiki wa Dawudi tangu chuoni, mtu mrefu wa Gulu asiyecheka ovyo. Otim akawaambia wenzake, "Leteni mfano. Nionyesheni mfuko mdogo mmoja tu uliosimama wima, nami nitaitetea yote mezani kwa wanaoandika."

Dawudi kwa kiherehere akainua mkono. "Wetu wa Kibuli huo hapo!"

Na kwa nini asijivune? Yeye ndiye alikuwa mkaguzi wa Tulizo. Walimchagua kwa vigelegele, mtoto wetu, msomi wetu, mkwe wetu. Katika wanawake wote wale hakutokea hata mmoja wa kujiuliza: huyu atamkaguaje mwenyekiti asiyeweza kumtazama?

Siku ya ukaguzi ikafika. Sebuleni kwa Mama Kaltumi wakafunga kamba toka ukuta hadi ukuta, wakatundika leso ya maua, kanga pana. Mama Kaltumi na wanachama upande wa ndani, Dawudi kwenye kiti upande wa mlango. Katikati, pale leso inapokomea, akakaa Mama Emérence, muuza vitenge kutoka Bukavu, awe mdomo wa wote wawili. Kusikia walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Lakini adabu ni adabu.

"Mama Emérence," Dawudi akaanza, macho kwenye maua ya leso, "mwambie mama namsalimu."

"Mama, mukwe yako anakusalimia."

"Mwambie nimesikia. Mwambie sauti yake imekonda, huyo Zuleika anampikia nini?"

"Mama anasema umekonda."

"Sauti, Emérence! Nimesema sauti!"

"Mama anasema umekonda mupaka sauti."

Wanawake wakaangua kicheko. Dawudi akarekebisha tai, akajipa moyo. Lilikuwapo swali moja lililomleta. Tulizo ilikuwa imenunua kiwanja kule bondeni ili ijenge vyumba vya kupangisha, kodi iulishe mfuko. Aliyekiuza ni Mzee Abdul-Karim, dereva mstaafu wa malori, mwenye sauti ya honi, na ndugu wa tumbo moja na Mama Kaltumi. Bei nani aliipanga, nani aliikubali? Basi. Kwa kampuni ya mjini angeuliza kabla hajaketi.

"Mwambie mama," akasema, "kuhusu kile kiwanja..."

Upepo ukaitikisa leso. Upande wa pili mtu akakohoa, kikohozi cha mtu mzima.

"Kile kiwanja," akasema tena, na jasho likaanza kumtoka, "hewa yake nzuri?"

Emérence akamtazama kwa huruma. "Mama anasema hewa iko mingi. Na vyura vilevile."

Chai ikaletwa, na sahani ya kabalagala za moto, zile za ndizi na muhogo zinazonukia toka mbali. Dawudi akanywa, akala, akasifu, akaaga. Ukaguzi umekwisha.

Zuleika alimpokea mlangoni, akamtazama mara moja tu.

"Baba Hadija, umekunywa chai ukameza na swali."

"Ningemuulizaje mama yako bei ya kiwanja cha mjomba wako?"

"Kwa mdomo. Makampuni ya watu unayachambua kama dagaa, kiwanja kimoja cha vyura kimekushinda!" Kisha akapunguza mzaha, akakaa karibu naye. "Wakiumeza ule mfuko, mama yangu atazeekea kwenye karai. Unayajua magoti yake."

Usiku ule usingizi ulimpitia mbali. Kesho yake akamwendea Otim, akamweleza yote, leso, chai, kabalagala. Otim asiyecheka ovyo akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza.

"Mwenyekiti ni mama mkwe wako? Wa damu ya mkeo kabisa?"

"Kabisa."

"Ndugu yangu, kanuni zetu tulizisoma pamoja. Usimkague mtu unayekula kwake, wala mtu unayemwogopa. Wewe umezivunja zote mbili kwa kikombe kimoja."

"Lakini mfuko ni safi, Otim. Wale mama si wezi."

"Nakuamini. Mezani hawataniamini, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Toka wewe, aingie asiye wao. Halafu nitakuwa na mfano, kama bado upo."

Dawudi akarudi Kibuli na moyo mzito, kwa maana kumkataa mama mkwe si jambo la kutembea nalo kifua mbele. Leso ikatundikwa tena. Safari hii hakuja peke yake. Nje, kwenye kibaraza, alimwacha Aoko, mhasibu mwenzake wa Busia, mwanamke anayeuliza swali kama mtu anayechomoa mwiba: haraka, tena anatabasamu.

"Mama Emérence, mwambie mama kwamba ukaguzi nauacha."

Upande wa pili wanawake wakaanza kunong'ona kwa sauti za kusikika.

"Anatutupa!"

"Kabalagala zote zile!"

"Si kuwatupa," Dawudi akasema, naye akasahau kabisa kupitia kwa Emérence. "Mimi siwezi kumuuliza mama kitu. Nikisema mfuko ni safi, nasema kwa adabu, si kwa kujua. Adabu yangu ndiyo itakayoumezesha mfuko wenu."

Kisha kwa mara ya kwanza tangu amwoe Zuleika, akaisikia sauti ya Mama Kaltumi ikimjia bila kuzunguka kwa mtu, ingawa aliielekeza kwenye dari.

"Mimi mwenyewe nilishangaa alivyokubali! Jina lake nani alilitaja siku ile? Si mimi? Nilisema moyoni, huyu ni mhasibu mkubwa, atatuletea sifa. Tena ni mkwe wangu, hataniletea maswali." Wanawake wakapiga makofi kwa kucheka. "Wanasema macho hayana pazia. Ya kwake nilimtundikia mwenyewe. Haya, huyo mwenye viatu vya kugonga kibarazani aingie, nimeshamsikia."

Aoko akaingia. Hakukaa upande wa mlango. Aliinama, akapita chini ya leso, akavuta kigoda mbele ya Mama Kaltumi, akamsalimu kwa magoti kama inavyopasa, kisha akatabasamu.

"Mama, bei ya kiwanja nani aliitaja?"

"Ndugu yangu."

"Nani aliikubali?"

"Sote. Palepale, kwa sauti moja."

"Mlikuwa wapi?"

Mama Kaltumi akashusha macho. "Arusini. Alikuwa anamwoza binti yake."

"Mlikuwa mnakula?"

"Tulikuwa tunakula, mwanangu. Sasa wewe niambie, nani atapinga bei na pilau ya muuzaji imo mdomoni?"

Mzee Abdul-Karim alikuwa amesimama dirishani muda wote, kama mtu aliyekuja kuangalia mvua. Hapo honi ikalia. "Mnaniita mwizi? Mimi?"

"Hapana, mzee," Aoko akasema. "Nakuita ndugu. Tatizo ndilo hilo."

Akawageukia wanawake. Hakuwasomesha, aliwaomba tu mambo mawili. Bei itajwe na mtu asiyemjua Abdul-Karim wala pilau yake. Na kila mwenye ndugu katika jambo atoke nje, hata akiwa mwenyekiti, waliobaki waamue bila kuangaliwa.

Mama Kaltumi akainuka, magoti yakalia. "Leo nafukuzwa nyumbani kwangu," akasema. Lakini alitoka. Na mkwe je? Mkwe naye ni ndugu. Dawudi akaonyeshwa mlango wa uani.

Walivyoamua ndani, Kibuli nzima ilijua kabla ya magharibi. Mpima ardhi mgeni aliitwa toka mbali, akatembea kwenye tope suruali ameikunja, akataja bei yake, ya chini kuliko ile ya arusini. Abdul-Karim aliisikia, akanuna siku kadhaa, kisha akarudisha fedha, akachukua kiwanja chake. Siku hizi anasema vyura wanamletea usingizi. Tulizo ikanunua kwingine, kwa mtu ambaye hawajala pilau yake. Otim alipeleka mezani maneno ya wale wanawake, wasomi wakayavisha koti na tai, yakawa marefu, lakini ukiyavua ni yaleyale: mkaguzi asiwe mkwe, na mwenye ndugu atoke nje. Mfuko mdogo unaofuata hayo ukaachiwa wenyewe. Pale mlimani wanaiita sheria ya mkwe mpaka leo. Na Mama Kaltumi, baada ya Ramadhani iliyofuata, alilifunika karai lake, akakaa kitako.

Ila hayo ni baadaye. Siku ile uani walikuwa wawili tu, watu wasioruhusiwa kukaa pamoja, wametolewa pamoja. Mama Kaltumi akakaa kwenye gogo, uso kwenye ukuta wa jiko. Dawudi akasimama, uso kwenye kamba ya nguo. Emérence alibaki ndani, hana ndugu katika jambo lile. Kati yao alikuwapo kuku mmoja, anachakura.

Mama Kaltumi akakohoa.

"Ewe kuku," akasema, "mwambie mkwe wangu leo amekuwa mwanamume."

Dawudi akamwinamia kuku. "Kuku, mwambie mama nashukuru."

"Mwambie pia mikono yake nimeiona kwa pembeni. Haitetemeki."

"Kuku, muulize mama," Dawudi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na mzaha, "macho ya pembeni hayahesabiwi?"

Mama Kaltumi akacheka mpaka akashika magoti. "Mwambie aache kunikagua, ameshajiuzulu!"

Kuku hakumwambia mtu kitu. Akawaacha wote wawili, akajipenyeza mlangoni, akaingia zake mkutanoni, wala hakuna aliyemzuia. Naye alikuwa na ndugu katika jambo, wamo sufuriani, na Aoko alikuwa amekataza chakula kisipakuliwe mpaka waamue.