Mwaka wa Saba wa Kupona

Nyumba ya Rehema ilikuwa na mashati meupe ambayo hayakuwa ya mtu. Yalikaa stoo mwaka mzima yakinuka dawa ya nondo, yakingoja Siku ya Wafadhili. Siku hiyo wagonjwa walivalishwa, wakapigwa picha, wakalishwa nyama, na jioni wakavuliwa kabla vumbi la magari ya wageni halijatulia. Aliyeyafua na kuyapiga pasi alikuwa dobi wa nyumba, mama mwenye mikono iliyochubuliwa na sabuni na ulimi mkali alioubana kwa meno. Aliubana kwa sababu mdogo wake alikuwa mle ndani.

Mdogo wake huyo alikuwa seremala. Miaka tisa nyuma akili zilimruka, akawa anagombana na milango aliyoitengeneza mwenyewe. Ndugu walimleta pale wakaenda zao, wakaona wamefanya la maana. Dada yake akaomba kazi ya kufua ili awe karibu naye. Kwa dawa na subira, baada ya miaka miwili seremala alitulia kabisa, na daktari aliyekuja kila mwezi akaandika barua: huyu amepona, arudi kwao.

Balaa likaanzia hapo. Mlezi Mkuu, mtu wa ibada na wa kamati, aliona vyema seremala aage kwa kuwaeleza wageni jinsi alivyopona. Lo, kumbe ana kipaji! Wageni walilia mpaka leso zikawa hazitoshi. Mwaka ule nyumba ikapata paa jipya. Nani atamwachia mtu wa namna hiyo? Wakampachika jina la Shahidi, na barua ya daktari ikalazwa kwenye mtoto wa meza, pamoja na barua nyingine zilizotangulia. Tangu hapo Shahidi akawa anapona kila mwaka, na huu ulikuwa wa saba.

Wiki moja kabla ya sherehe dobi aliingia ofisini bila hata kuweka chini kapu lake.

“Baba Mlezi, fundi mmoja mjini amempa mdogo wangu nafasi kwenye karakana yake. Asipofika Jumatatu ya baada ya sherehe, anampa mtu mwingine.”

“Haraka haraka haina baraka, mama.”

“Miaka saba, Baba, ni haraka?”

“Nje kuna majaribu. Hapa anapendwa. Halafu Jumamosi nyumba inatimiza miaka mia. Tutazungumza baada ya sherehe.” Kila mwaka walikuwa wanazungumza baada ya sherehe.

“Lakini mwenyewe anasema amepona.”

Mlezi akatikisa kichwa kwa huruma. “Unaona sasa? Mgonjwa anayeng’ang’ania kutoka, hiyo ni dalili.”

“Na akisema jukwaani?”

“Jukwaani ni ushuhuda.”

Dobi alitoka na kapu lake. Alikwenda kukamua mashuka, mwisho mmoja yeye, mwisho wa pili Bwana Kimya, mgonjwa ambaye kwa miaka minne hakuwa ametoa neno, ila hakuna aliyekamua shuka kama yeye.

Kwa ajili ya miaka mia, Mlezi alikuwa amefungua chumba cha historia. Mnyororo wa zamani ulipakwa mafuta ukang’aa, ukawekwa mezani na kibao: HAPO KALE WAGONJWA WALIFUNGWA. LEO WANAPENDWA. Kwenye sanduku moja bovu zilipatikana kanuni za mwanzilishi, kwa mwandiko wake. Kamati ilizisifu sana. Kuzisoma haikupata nafasi, maana ilikuwa kwenye mabishano makali kuhusu rangi ya utepe. Wakampa Shahidi azitengenezee fremu.

Jioni yake Shahidi alikuja kwenye kamba za nguo, fremu kwapani.

“Dada, nilipokuwa naweka kioo nilisoma. Hebu angalia ya tano.”

Dobi alisoma, akarudia. Akacheka kicheko ambacho hakuwa amekicheka kwa miaka, kisha akajifuta macho kwa shuka la watu. Kesho yake alirudi ofisini, mpole kama maji ya mtungini.

“Baba, hizi kanuni si zisomwe mbele ya wageni? Watu siku hizi wanapenda historia.”

Mlezi alifurahi. “Mama, wewe una akili, ingawa ni dobi! Shahidi mwenyewe azisome, akishamaliza ushuhuda.”

Jumamosi wageni walijaa. Mashati yakametameta. Shahidi akapona vizuri kuliko miaka yote, leso zikatoka, kisha akakabidhiwa fremu.

“Kanuni ya kwanza. Mgonjwa asipigwe.” Makofi.

“Ya pili. Mgonjwa ale kabla ya mlezi wake.” Makofi, na wapishi wakatazamana.

“Ya tatu. Mgonjwa asipangwe mbele ya wageni ili atazamwe.” Hapo walipiga makofi kwa nguvu zaidi, wengine kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa na simu ya kupigia picha.

Ya nne ilihusu kuni. Shahidi akainua fremu juu kidogo.

“Ya tano. Mgonjwa akieleza kupona kwake kwa akili timamu mbele ya mashahidi watatu, afunguliwe mlango mkubwa saa hiyo hiyo. Rehema inayomfungia mtu aliyepona ndani ni jela yenye maombi.”

Mfadhili mkuu, bibi mmoja wa fimbo, alisimama machozi yakimtoka. “Si ndiyo kaeleza sasa hivi? Na sisi si tunazidi watatu? Mpango mzuri sana huu, Mlezi. Fungua basi, tuone!”

Mlezi akatabasamu kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe. “Mama,” akamnong’oneza dobi, “umenimaliza.”

“Mimi tena, Baba? Hiyo ni historia.”

Mlango mkubwa, ambao siku zote ulikuwa wa wageni tu, ukafunguliwa. Dobi alimshika mdogo wake mkono. Walipofika kizingitini, mlinzi akanyoosha mkono kuwazuia.

“Ngoja kwanza.”

Dobi aliona miaka mingine saba ikija.

“Shati la nyumba hilo,” mlinzi akasema. “Mtu sina maagizo naye. Shati halitoki.”

Shahidi akafungua vifungo. Dobi, kwa mazoea, akalikunja vizuri, kola juu, akamkabidhi mlinzi. Seremala akatoka na fulana yake iliyotoboka begani, na dada yake akalia kwa sauti bila kumwonea mtu haya. Wageni walishangilia. Mlezi naye alishangilia, angefanyaje?

Kisha makofi yakakatika ghafla. Dobi akageuka. Kupitia mlango uliokuwa bado wazi alimwona mtu amepanda jukwaani na kushika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama anayeshika shuka la kukamua. Alikuwa Bwana Kimya.

“Na mimi,” alisema, sauti ikikwaruza, huku akifungua kifungo cha kwanza cha shati.