Panya wa Mheshimiwa

...na dume mmoja anatosha majike wanne, anasema mwanawe huko chumbani, chumbani kwake yeye mama mtu, na futi ya chuma inajirudisha ndani ya kasha lake, trrr, tap, wanapima ukuta wa upande wa kitanda, na yeye kakaa hapa jikoni na sinia la maharage mezani, zima, zima, bovu, jiwe, si kwamba hawakumwomba ruhusa, mkwewe alichungulia akasema mama tunaingia kwako mara moja, kuna kitu tunaangalia, akajibu ingieni wanangu, ungejibu nini, nyumba yao, ukuta wao, hata kiti hiki kinacholia kila akijisogeza ni chao, akajibu ingieni kwa sauti ya mtu asiye na neno, na tangu hapo masikio yote yako kule, kwenye maharage imebaki mikono tu. Hapa kuna joto, anasema mwanawe, panya hawataki baridi, wakipata baridi hawazai, na huo ukuta una joto kwa sababu unagusana na jiko, nani aliwaambia kama si yeye, alipofika na mguu wake mbovu wakamwuliza mama umelalaje, akasema nimelala vizuri, ukuta una joto kama mgongo wa mtu, ilikuwa shukrani, maneno ya kumfurahisha mwenyeji, na leo maneno hayohayo yanapimwa kwa futi. Duka lililokuwa likiwauzia panya wa kugandishwa limefungwa, mwenye duka kahama mji, na Mheshimiwa hajala tangu mwezi uliopita, kajikunja kule sebuleni ndani ya kioo chake, chini ya taa yake ya kuotea joto, taa yake peke yake, wakati yeye jioni anavaa sweta mbili, na hilo jina la Mheshimiwa alimpa yeye, alimwona huyo chatu wiki ya kwanza akasema huyu anakula bila kufanya kazi na akilala nyumba nzima mnanong'ona, huyu ni Mheshimiwa, walicheka, mkwewe alicheka mpaka akashika mlango, na jina likaganda, hakuna aliyejua kwamba yeye hakuwa anatania, au alikuwa anatania nusu... bovu, zima, zima. Sasa tufuge wenyewe, anasema mwanawe, ndiyo njia, na mkwewe anasema kitu hakisikiki, kameza maneno, kitu kama na mama je, au na meza je, maana kuna meza ndogo mle, yenye dawa zake na miwani, meza au mama, herufi chache tu, na mkono wake hapa jikoni umesimama na harage.

Watamtoa, basi, hilo ndilo jambo, atalala sebuleni uso kwa uso na Mheshimiwa, au watampeleka kwa mdogo wake yeye, ambaye naye kabanana na wakwe zake, watasema kwa lugha nzuri, mwanawe ana lugha nzuri, kazi yake kuchora ramani za nyumba za watu, siku moja alimwonyesha karatasi, hapa sebule, hapa chumba cha mgeni, hapa stoo, hapa gari linalala, yeye akauliza na mama yao analala wapi, mwanawe akacheka, hawa mama yao ana kwake, haya, na yeye alikuwa na kwake, mpaka mguu ulipoteleza bafuni akalala sakafuni hadi jirani alipoingia kuazima pasi, kwake kukapangishwa watu, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini jembe gani, mguu haukubali jembe, amejitahidi, anachambua maharage, anakunja nguo, anapokea watu mlangoni, halalamiki, chakula kikikosa chumvi anasema kitamu, ni kazi kubwa kuwa mwepesi katika nyumba ya mtu, hata kukohoa unakohoa kwa kiasi, na sasa panya. Panya wamtoe yeye. Angekuwa na nafasi ya kucheka angecheka, ujana wake wote umeliwa na panya, ghalani, magunia yamepangwa mpaka darini na wao ndani yake wanatafuna, ilikuwa kazi ya kufagia tu alipoanza, paka wa ghala walikuwa wawili, wakala panya waliokula sumu wakafa wote siku moja, na msimamizi akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai akasema basi, sumu marufuku, nafaka hii inaliwa na watu, na paka sitaki tena kuwalilia, tangu leo paka ni wewe, watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao kwa sababu alikuwa na mtoto wa kulisha, na tangu siku ile hakuna aliyemwita kwa jina lake pale, Mama Paka njoo huku, Mama Paka nimesikia kitu nyuma ya gunia, mitego asubuhi, fimbo mchana, na wale wa kwenye viota, vichanga, wekundu kama ncha za vidole vilivyokaa majini, hawajafumbua hata macho, hao ndio waliokuwa wabaya, hao hakuwasimulia mtu. Alikuwa akiwaambia pole. Mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, wenzake wasisikie wakapata la kuchekea.

Kitanda hakisogei, anasema mwanawe, wazi kabisa, hakuna haja ya kusogeza kitanda, rafu zitaanzia hapa juu ya kichwa, masanduku ya plastiki, wavu juu yake, maranda ya mbao chini, na mkwewe anasema harufu je, na mwanawe anasema maranda yakibadilishwa hakuna harufu, na nani atayabadilisha, anauliza mkwewe, mimi natoka asubuhi, wewe unatoka asubuhi, trrr, tap, kisha mwanawe anasema, lakini mama si yupo nyumbani siku nzima... Yupo. Kasema yupo. Kitanda hakisogei na mama yupo, Mungu mkubwa, hawamtoi, na hapa jikoni mabega yameshuka yenyewe, harage bovu limeingia kwenye mazima na hakulifuata, atalala na panya juu ya kichwa, na walale, si alilala na mawazo yao miaka yote ile, maranda atabadilisha, kazi nyepesi, ataifanya kwa kukaa, atakuwa na sababu ya kuwa humu ndani, mtu akiuliza mama yenu anafanya nini atajibiwa anatusaidia, na tazama alivyo rahisi kufurahishwa, mtu mzima na mvi zake, anawekewa mkojo wa panya juu ya mto wake naye anashukuru, aliona haya kidogo hapohapo, lakini furaha ikashinda haya, kwa muda kama wa maharage matatu au manne. Kwa sababu mkwewe kauliza. Mkwewe si mjinga, anafanya kazi benki, anapenda kujua jambo linaishia wapi, kauliza sasa hao panya Mheshimiwa atapewa wakiwa hai, na mwanawe kasema hapana, hai hapana, panya akibanwa anang'ata, anaweza kumtoboa hata jicho, lazima kabla ya kumpa, unajua, ile hatua ya mwisho. Hatua ya mwisho. Hawezi hata kulisema neno. Mimi siwezi, anasema mkwewe, mimi hata kuku siwezi, na mwanawe anasema wala mimi, unanijua, na anacheka, na katika kucheka huko anasema, si Mama Paka mwenyewe yupo.

Mama Paka ndio nani, anauliza mkwewe. Hajui. Miaka yote ya ndoa yao hajui, hakuambiwa, na sasa mwanawe anamwambia, ndilo jina lake kazini, wee, mama alikuwa hatari, ghala zima lilikuwa lake, panya akisikia viatu vyake anaandika wosia, na wanacheka wote wawili mle chumbani, juu ya kitanda chake, kitanda kimelia kwa hiyo wamekaa, na kicheko cha mwanawe kina fahari, hilo analisikia, hawezi kulikana, kuna fahari ndani yake... na ni huyuhuyu. Ni huyuhuyu ambaye yeye alimfuata na koti la kazi mpaka lango la shule, msimamizi alimchelewesha, akaogopa akipita kuliacha nyumbani atamkosa mtoto, akaenda nalo, na vumbi lake, na watoto pale langoni wakaanza nyau, nyau, mtoto wa Mama Paka, na mwanawe akatoka akampita kama unavyopitwa mti, wakafika mbali ndipo akasema bila kumtazama, mama usinifuate tena shuleni. Hakumgombeza. Kesho yake alimsubiri kona ile, nyuma ya kibanda cha fundi viatu, na kesho kutwa, na mpaka mtoto akawa mkubwa wa kutosha kurudi mwenyewe fundi viatu alikuwa amekwisha kumzoea anamwekea kigoda. Na mezani vilevile, hakuwa akila mpaka amwone ananawa mara ya pili, nawa tena mama, na yeye ananawa tena, na sabuni, na limau, anamwonyesha viganja pande zote mbili ndipo mtoto anashika kijiko, mkono mtupu haulambwi, ndivyo wasemavyo, lakini kuna mikono inayojaza sahani na bado hailambwi. Siku zote alitamani jambo moja tu, alisikie jina lile kinywani mwa mwanawe bila aibu, walau mara moja, asimame mbele ya mtu aseme huyu ni mama yangu na kazi yake ni hii, na leo kalisema, na fahari juu, mbele ya mkewe, kalisema kwa sababu kuna kazi chafu imetafuta mtu. Inauma. Inauma kuliko lile la langoni, la langoni lilikuwa la mtoto.

Anamfuga chatu na hawezi kumtazama akila, hilo nalo, alikuwa akimyeyusha panya wa duka kwenye bakuli la maji ya moto, glavu mpaka kwenye kiwiko, anamtumbukiza kwa koleo na kufunika kioo na taulo, kisha wanahamia jikoni wanaongeza sauti ya redio, na mkwewe anasema maskini, nani maskini hawajui, na yeye mwenye mguu mbovu ndiye aliyekuwa akibaki sebuleni, alikuwa akifunua taulo kidogo pembeni, na alivyoona, Mheshimiwa hakuwa na unafiki wowote, anakamata, anabana, anameza, hajifuniki uso, hamwiti mtu mwingine aje ambanie. Wakaona bora kufuga. Nzuri kabisa, watazaa hao, watazaa mpaka rafu zijae, na wale vichanga watakuwa juu ya kichwa chake usiku wanalia ile sauti nyembamba, na yeye atawajua, atawalisha, atawabadilishia maranda, kisha siku ya chakula mlango utagongwa kwa heshima, mama, Mheshimiwa ana njaa, na wao wataongeza sauti ya redio. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama aliipenda kazi ile. Wanadhani kazaliwa na fimbo mkononi. Siku aliyorudisha koti kwa msimamizi alikwenda nyumbani akaiweka mikono hii kwenye beseni, akaiambia basi, na tangu siku hiyo haijaua, hata mbu anampuliza, nenda kwa wenzako, mwanawe amewahi kumcheka, mama unamwonea huruma mbu, alicheka na hakuuliza kwa nini, asingeuliza, yeye mambo anayaona kwa nje tu, milango iko wapi, madirisha mangapi. Lakini nani alimfundisha kutotazama. Nani alinawa mara ya pili. Nani alijificha nyuma ya kibanda cha fundi viatu na kumwachia mtoto njia safi... zima, zima, jiwe, na jiwe hili ni dogo, linafanana na harage kabisa mpaka ulibonyeze.

Kitanda kimelia tena, wamesimama, taa ya chumbani imezimwa, na kabla hawajafika yeye keshajua, imekuja yote pamoja wala haina hasira ndani yake, au hasira imeshuka chini kabisa ikawa kitu cha kusimamia. Alete hao panya. Aweke rafu, aweke masanduku, maranda atabadilisha yeye, hilo atalifanya, lakini siku ya siku atamwita mwanawe hapa jikoni, si mkwewe, taulo halitakuwapo wala redio, atamshika kiganja kama alivyomshika akimfundisha kuandika jina lake, atamwonyesha shingo iko wapi, jinsi ya kufanya upesi asiteseke, na atamwambia aseme pole, kwa sauti. Akiweza, afuge, Mheshimiwa ale ashibe. Asipoweza, asifuge, na asimwambie mtu tena kwamba mama yake alikuwa hatari. Na akisema basi mama, kama ni hivyo chumba tutakihitaji, begi liko chini ya kitanda na nusu ya nguo zimo tangu alipofika, hakuwahi kumaliza kuzitoa, sasa anajua kwa nini. Nyayo zao ukumbini, za mwanawe nzito, za mkwewe nyuma, na huyu hapa mlangoni, futi bado mkononi, anatabasamu lile tabasamu lake la kuomba kitu, lilelile la utotoni, meno ya juu tu, mama una nafasi kidogo, anasema, kuna jambo tulitaka kukuomba, jambo dogo tu, na maharage bado ni mengi kwenye sinia, mabovu na mazima yamechanganyika tena, itabidi kuanza upya. Kaa, anamwambia, na anasogeza sinia pembeni, kaa hapa mwanangu, weka hiyo futi chini, na mikono yako iweke juu ya meza niione.